Kwa Nini Ngoma na Maonesho ya Jadi Hukosa Bima, na Nini Kifanyike

Mavuno yanapomalizika na kiangazi kuingia, maeneo ya Usukuma huingia katika msimu wa ngoma. Jumuiya za Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, wachezaji wengine wakiingia uwanjani na chatu, huku mama lishe, wauza nguo na waendesha bodaboda wakijipatia riziki pembeni. Kwa wakazi wa Maganzo, mji mdogo wilayani Kishapu, kando ya barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza na jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, mikusanyiko ya aina hii ni sehemu ya utamaduni na pia ya uchumi.

Hata hivyo, swali moja huulizwa mara chache kabla ya ngoma kupigwa: jukwaa likianguka, moto ukizuka au watu wakikanyagana, nani atagharamia matibabu na fidia?

Swali hilo si la kufikirika. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana katika mkusanyiko wa kidini kwenye uwanja wa Majengo, Moshi. Tarehe 10 Julai 2021, moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya 2022 iliifanyia marekebisho Sheria ya Bima na kuweka ulazima wa bima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini, vyombo vya majini na vivuko.

Uwanja wa wazi wa ngoma si jengo la biashara. Bima ya lazima ya vyombo vya moto nayo humlinda mtu wa tatu dhidi ya madhara yatokanayo na chombo hicho, lakini haimfidii mtazamaji aliyeangukiwa na turubai. Kinga inayohusika hapa ni bima ya dhima kwa umma, ambayo hulipa fidia pale mwandaaji anapobainika kuwajibika kwa madhara yaliyompata mtu mwingine. Wachezaji wenyewe wanaweza kukatiwa bima ya ajali binafsi.

Upatikanaji wa kinga hizo una vikwazo vitatu. Kwanza, mkataba wa bima huhitaji mhusika anayetambulika kisheria, ilhali ngoma nyingi huandaliwa na kamati ya muda isiyosajiliwa. Pili, kampuni ya bima hukokotoa ada kwa kuangalia idadi ya watu, historia ya ajali na hali ya uwanja. Uwanja usio na uzio wala kumbukumbu ni vigumu kuupima. Tatu, shughuli ya siku moja au mbili yenye kiingilio kidogo, au isiyo na kiingilio kabisa, haiachi fedha nyingi za kulipia ada.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonesha uzito wa jambo hili. Nchini Australia, kampuni kubwa ya bima ya HIH ilianguka Machi 2001, na ada za bima ya dhima zikapanda kwa kasi. Maonesho ya vijijini na sherehe za jamii ziliahirishwa au kufutwa kwa kukosa bima, hali iliyozilazimu serikali za majimbo kurekebisha sheria za fidia. Huko, sherehe zilisimama kwa kukosa bima. Hapa nchini, nyingi huendelea bila bima, na hasara yote humwangukia majeruhi na familia yake, wakitegemea michango ya ndugu na majirani.

Waandaaji wanaweza kuanza na hatua zilizo ndani ya uwezo wao. Kamati iwe kikundi kilichosajiliwa, chenye viongozi wanaofahamika na akaunti ya benki. Taarifa itolewe mapema kwa Jeshi la Polisi, na kibali kiombwe kupitia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Uwanja uwe na njia zaidi ya moja ya kutokea, majiko yatengwe mbali na maturubai, watazamaji wawe umbali salama na wachezaji wenye nyoka, na huduma ya kwanza iwepo. Kila hatua kati ya hizi huokoa maisha, na pia humpa mtoa bima sababu ya kukubali kubeba hatari hiyo.

Kabla ya kulipa, mwananchi anashauriwa kuhakikisha kuwa kampuni au wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na kusoma mambo ambayo mkataba haugharamii. Mwenye mgogoro kuhusu madai yake anaweza kuufikisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ipo pia njia ya kuunganisha nguvu. Mwaka 2023 kampuni za bima zilizindua umoja wa pamoja wa bima ya kilimo, ili hatari ambayo kampuni moja isingeweza kuibeba igawanywe kwa nyingi. Vikundi vya ngoma navyo vinaweza kuomba mkataba mmoja wa msimu mzima badala ya kila kijiji kutafuta wake. Gharama ikigawanywa, ngoma itaendelea kuchezwa, na atakayeumia hataachwa kubeba mzigo peke yake.