Gari Lililobadilishwa na Joto la Injini: Maneno kwa Madereva wa Arua na Koboko

Askari anayelinda msafara kati ya Arua na Koboko hutegemea silaha yake, redio yake na gari lake. Silaha na redio hukaguliwa kila asubuhi na mkubwa wake. Gari huulizwa swali moja tu, nalo ni kama lina mafuta. Ndiyo maana si ajabu kuliona gari la doria limeegeshwa kando ya njia, boneti wazi, mvuke ukipanda, na askari wameketi chini ya mwembe wakingoja maji kutoka kijijini. Ikiwa nyuma ya gari hilo amelala majeruhi anayepelekwa hospitali ya Arua, kungoja huko si jambo la mzaha.

Makala haya hayahusu gari lililo kama lilivyotoka kiwandani. Yahusu gari lililobadilishwa: Land Cruiser iliyoongezewa turbo, Land Rover kuukuu iliyovuliwa injini yake na kutiwa ya Isuzu, au pikapu iliyofungwa vyuma, winchi na taa kubwa mbele. Kila badiliko la namna hiyo huongeza joto au hupunguza upepo, na mara nyingi hufanya yote mawili. Fundi aliyebadilisha gari bila kulipa njia zaidi ya kutoa joto amefanya nusu ya kazi, hata kama gari lapanda mlima kwa kishindo siku ya majaribio.

Mafuta yanayochomwa ndani ya injini ya dizeli hayageuki yote kuwa mwendo. Takriban theluthi moja husukuma gari, theluthi nyingine hutokea kwenye ekzosi, na sehemu kubwa ya yaliyobaki lazima ichukuliwe na maji, kisha itupwe hewani na rejeta. Chukua injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 ambayo madereva wengi wa Land Cruiser waifahamu. Ilitoka kiwandani bila turbo. Mafuta yake huanza kuwaka katika chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na kwa sababu hiyo hedi hupokea joto jingi kuliko katika injini ambayo mafuta hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Ukiifunga turbo na kuongeza mafuta kwenye pampu, nguvu huongezeka kweli, lakini joto nalo huongezeka palepale penye udhaifu. Hedi ikipasuka, gharama yake hupita faida yote iliyopatikana.

Injini ngeni ndani ya Land Rover huleta taabu ya namna nyingine. Mara nyingi feni haikai tena mkabala na rejeta. Iko mbali, au imekwenda upande, na kile kibweta cha bati kinachoizunguka kimetupwa kwa kuwa hakikuingia. Feni isiyo na kibweta huzungusha hewa ileile iliyokwisha kupata joto. Fundi na akate bati, atengeneze kibweta kipya. Ni kazi ya nusu siku. Kwa upande wa Land Cruiser, feni nyingi zina klachi ya mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe mara nyingi bila ukinzani, klachi hiyo imekufa.

Itazameni pia sura ya gari. Winchi, taa, kibao cha idara, na wakati mwingine dumu la maji lililofungwa juu ya bampa, vyote vimesimama mbele ya mlango wa upepo. Wakati wa kiangazi, mbegu za majani na vumbi la murramu hujaza mapezi ya rejeta hata yakawa kama ukuta. Yaoshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Aoshaye kutoka mbele huzisukuma mbegu ndani zaidi.

Ipo desturi moja katika gereji zetu ambayo hatuna budi kuipinga. Gari likichemka, fundi huondoa themostati na kuitupa. Katika injini nyingi, kidude hicho kinapofunguka hufunga pia njia ndogo ya pembeni. Kikiondolewa, baadhi ya maji hupita njia hiyo na kurudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Gari hubaki baridi asubuhi na kuchemka mchana mlimani.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa. Arua iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 96. Kifuniko kizima hushika presha, na maji hustahimili hadi kupita digrii 110. Mpira wake ukichakaa, himaya hiyo imekwisha.

Waliokuwa jangwani waliyajua haya zamani. Ralph Bagnold, ofisa wa Uingereza aliyevuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari tangu miaka ya 1920, aliunganisha bomba la mvuke wa rejeta na kopo lililokuwa na maji. Mvuke uliingia humo ukageuka maji, na injini ilipopoa ikayavuta tena. Alipounda kikosi cha Long Range Desert Group mwaka 1940, malori yake ya Chevrolet yalifungwa makopo hayo. Chupa ya plastiki iliyo karibu na rejeta yako hufanya kazi iyo hiyo, kwa hiyo bomba lake lililokatika si kitu kidogo.

Maji ya kisima huacha chokaa ndani ya mirija, na maji ya mto huacha tope. Bora ni dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, au angalau maji ya mvua. Unga wa bizari huziba tundu dogo, nasi hatumlaumu aliyeutumia ili afike kambini. Lakini huziba mirija pia. Akifika, rejeta itolewe ikafanyiwe kazi.

Jaribio kubwa katika eneo hili ni kupanda kutoka Pakwach, kwenye bonde la Mto Nile, kuelekea Nebbi na Arua, gari likiwa limejaa watu na jua liko utosini. Dereva atumie gia ndogo ili feni na pampu ya maji zizunguke upesi. Mshale ukipanda, azime kiyoyozi na afungue hita. Wenzake watatoka jasho, lakini hita ni rejeta ya pili. Akisimama, aelekeze pua ya gari kwenye upepo na aache injini inguruma kidogo, isipokuwa mkanda wa feni umekatika au maji yamekwisha. Hapo aizime mara moja. Asifungue kifuniko kabla ya nusu saa, kwa maana maji yale huchoma uso. Wala asimwage maji baridi juu ya injini ya moto.

Na mshale huo usiaminiwe kupita kiasi. Maji yakitoka yote, kipimo hubaki kimezungukwa na hewa, na mshale waweza kushuka wakati hedi inaungua. Kengele ya kupungua kwa maji ni kifaa kidogo cha bei nafuu, nayo ingefaa kutangulia turbo katika kila gari linalobadilishwa. Mpaka ifungwe, dereva aandike kitabuni maji aliyoongeza kila siku. Lita moja iliyopotea kati ya Arua na Koboko, bila tone kuonekana chini, humwambia fundi aanze kwa kuipima gasketi ya hedi.