Kusitisha Huduma na Jina la Mkopaji

Kizazi kimoja kilichopita, mwananchi wa Nzega aliyetaka mwanga alinunua mafuta ya taa kwa chupa, na aliyetaka habari alinunua betri za redio. Alilipa, akachukua, na shughuli ikaisha papo hapo. Leo nyumba hiyo hiyo huenda ina king'amuzi cha televisheni, dira ya maji, laini mbili za simu, na pengine bamba la umeme wa jua juu ya bati. Kila kimojawapo kina ada yake, na kila kimojawapo kina masharti yake. Mwaka ambao mvua imekatika mapema na mpunga haukutosha, mwenye nyumba hana budi kukaa chini na kuamua ni huduma ipi aiache.

Hapo ndipo swali linapozuka. Je, mtu akisitisha huduma aliyokuwa akiilipia, jina lake huharibika mbele ya benki? Wapo wanaoamini kuwa kuacha huduma yoyote humtia mtu katika orodha ya wadaiwa sugu. Wapo pia wanaoamini kuwa kutupa laini ya simu humaliza kila kitu. Wote wawili wamekosea, na kosa la yule wa pili ndilo la hatari zaidi. Ili tuone sababu, yafaa kwanza tuelewe jina la mkopaji ni kitu gani.

Mkopo katika njia ya misafara

Jambo hili si geni katika nchi ya Unyamwezi. Biashara ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilisimama juu ya mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja waliwakabidhi viongozi wa misafara shehena za merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, nao wakasubiri kwa muda mrefu kabla ya kulipwa kwa pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alipata mali ya safari zake kwa tajiri Taria Topan. Bara kulikuwa mbali, na mdai hakuweza kumfuata mdaiwa huko. Alichokitegemea zaidi ni jina: je, mtu huyu aliwahi kukopa, na alipokopa alirudi na kulipa?

Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Mfanyabiashara aliyechelewa kulipa wakati huo hakuwa lazima mdanganyifu. Mdai aliyepata habari za vita aliweza kumtofautisha aliyezuiliwa na vita na aliyetoroka na mali. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Katika karne hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, watu walianza kuyaandika majina hayo katika vitabu vya pamoja. Mwaka 1841 Lewis Tappan alifungua ofisi mjini New York, iliyokusanya habari za wafanyabiashara na kuwauzia waliotaka kujua nani anaaminika. Kutokana na ofisi hiyo ilizaliwa baadaye kampuni ya Dun & Bradstreet, iliyopata jina hilo baada ya muungano wa mwaka 1933. Msomaji ataliona jina hilo tena hapa kwetu.

Daftari la siku hizi

Nchini Tanzania, Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 iliweka msingi wa kukusanya taarifa za wakopaji, na kanuni za mwaka 2012 zikaeleza namna ya kufanya kazi hiyo. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kampuni maalumu hupewa leseni ya kuzichakata taarifa hizo na kutoa ripoti. Miongoni mwa zilizopewa leseni ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Benki na taasisi za fedha zinawajibika kupeleka taarifa za mikopo wanayotoa. Watoaji wengine wa bidhaa au huduma kwa mkopo wanaweza nao kuingia katika utaratibu huo.

Katika daftari hilo huandikwa kiasi kilichokopwa, tarehe ya kulipa, kilicholipwa, na siku za kuchelewa. Ni kumbukumbu za madeni, wala si orodha ya huduma ambazo mtu anazitumia au ameziacha.

Kwa nini daftari hilo lina thamani? Tufanye hesabu ndogo ya kubuni. Mkopeshaji anawakopesha watu 100, kila mmoja shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 1,000,000. Iwapo watu 5 hawatalipa kabisa, hasara ni shilingi 50,000. Ili mkopeshaji asipoteze kitu, wale 95 waliobaki lazima waongeze takriban shilingi 526 kila mmoja. Sasa tuseme wasiolipa ni 20. Hasara ni shilingi 200,000, nayo itabebwa na watu 80, yaani shilingi 2,500 kwa kila mmoja. Mlipaji mwaminifu aliyetoa nyongeza ya asilimia 5 hivi sasa anatoa asilimia 25, ingawa yeye mwenyewe hakubadilika hata kidogo.

Ndiyo kusema, mkopeshaji asipoweza kuwatenga waaminifu na wasio waaminifu, mwaminifu hulipia kosa la mwenziwe. Daftari ni chombo cha kuwatenga. Kama kilivyo chombo chochote cha vipimo, huleta faida kikiwa sahihi, na huleta dhuluma kikiwa na makosa.

Huduma za aina tatu

Tukirudi kwa mwenye nyumba wetu wa Nzega, swali lake halijibiki mpaka tuzigawe huduma zake katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni huduma zinazolipiwa kabla ya kutumiwa. Umeme wa LUKU ni mfano ulio wazi, na hata jina lake lina maana ya Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. King'amuzi cha Azam au DStv ni vivyo hivyo: mwezi ukiisha bila malipo, picha hukatika. Aliyeacha hakukopa kitu, basi hana deni, na hakuna cha kuandikwa katika daftari la wakopaji. Lakini yapo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kama kifaa chenyewe kilichukuliwa kwa malipo ya awamu, hiyo ni habari nyingine. Pili, aliyelipia king'amuzi miaka kumi bila kukosa hajengi jina lolote la mkopaji kwa malipo hayo, maana hakukopa.

Fungu la pili ni huduma zinazotumiwa kwanza na kulipiwa baadaye. Hapa yamo maji ya bomba pale ambapo dira husomwa mwisho wa mwezi, na simu za mkataba. Maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa kwa bomba Nzega, Igunga na Tabora, na mwenye dira ya namna hiyo huwa mdaiwa kila siku anapofungua koki. Akihama bila kutoa taarifa, matumizi ya siku za mwisho hubaki bila kulipwa, na anayeingia katika nyumba aweza kuendelea kutumia kwa jina lake. Kujitoa kwa utaratibu hakuna madhara. Kuondoka kimya ndiko kunakozaa deni.

Fungu la tatu ni mikopo iliyovaa nguo za huduma, na hapa ndipo watu wengi hunaswa. Tangu miaka ya 2010, kampuni kama Off Grid Electric, iliyoanzia Arusha, na Mobisol ya Ujerumani zilisambaza mitambo ya umeme wa jua iliyolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Mtambo wa namna hii una kifaa ndani kinachouzima malipo yakikoma. Simu za mkononi nazo huuzwa leo kwa njia hiyo hiyo. Mtumiaji huona kana kwamba analipa ada ya kila wiki, kumbe analipa bei ya kitu kwa awamu. Akiacha katikati, taa huzimika lakini mkataba haukufa. Yafaa asome: je, akirudisha kifaa deni linafutika, au linabaki?

Katika fungu hili hili imo mikopo ya simu. M-Pawa ilianzishwa mwaka 2014 na Vodacom Tanzania pamoja na Commercial Bank of Africa. Mteja aliweka akiba na kukopa kwa kubonyeza simu tu, na kiwango cha mkopo kilitegemea matumizi yake ya simu na ya M-Pesa. Ni rahisi kusahau kwamba anayekopesha hapo ni benki, na benki hupeleka taarifa.

Kutupa laini hakufuti deni

Tuseme kijana alikopa shilingi 8,000 kwa simu, kisha akahamia Kahama kutafuta kazi, akaitupa laini na kununua nyingine. Kwake yeye, huduma imekwisha. Lakini laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na deni linamfuata mtu wala halifuati kipande cha plastiki. Miaka mitatu baadaye anaomba mkopo wa pawatila. Karani anafungua ripoti na kukuta deni lililochelewa kwa siku zaidi ya elfu moja. Katika ripoti hakuna mahali palipoandikwa kwamba kijana alisahau, au kwamba aliuguza mzazi.

Hapa ndipo tunapokumbuka vita vya Mirambo. Mashine huona kuchelewa, haioni njia iliyofungwa, mpaka mtu aieleze. Aliyepatwa na dhiki afanye kama kiongozi wa msafara mwenye busara: apeleke habari kabla mdai hajaanza kuuliza. Taasisi nyingi hukubali kupanga upya malipo, na deni lililopangwa upya ni afadhali kuliko deni lililotelekezwa.

Jirani zetu wa Kenya wameyaona haya kwa wingi. M-Shwari ilianza huko Novemba 2012, na mikopo mingine ya simu ikafuata. Watu wengi waliingia katika orodha mbaya kwa sababu ya vijideni vidogo. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa kupeleka majina, na ikaamua kuwa deni lisilofika shilingi 1,000 za Kenya lisimtie mtu katika orodha hiyo.

Nchini Marekani kanuni ni ile ile. Kusitisha usajili wa gazeti au ukumbi wa mazoezi hakuandikwi, bali ankara iliyobaki ikikabidhiwa kwa wakusanya madeni inaweza kuonekana katika kumbukumbu kwa miaka saba. Ubaguzi ni kadi ya mkopo: kuifunga hupunguza kiwango ambacho mtu ameruhusiwa kukopa, na hivyo deni lake la kadi nyingine huonekana kubwa zaidi kwa kulinganisha. Katika alama za FICO zinazotumiwa huko, zenye kipimo cha 300 hadi 850, historia ya kulipa huchukua asilimia 35, ikiwa ndilo fungu kubwa kuliko yote.

Namna ya kujitoa

Anayetaka kuacha huduma na afuate hatua hizi. Kwanza, asome mkataba ajue kama ni ada au ni mkopo, na kama kuna muda wa kutoa taarifa. Pili, atoe taarifa kwa maandishi na abaki na nakala. Tatu, aombe ankara ya mwisho, ailipe, na arudishe kifaa kisicho chake kwa kupewa stakabadhi. Nne, adai barua au ujumbe unaothibitisha kuwa hadaiwi. Tano, baada ya muda aombe ripoti yake aone kama imeandikwa ipasavyo.

Akikuta kosa, anayo haki ya kutaka lisahihishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inampa mtu haki ya kuzijua taarifa zake zinazohifadhiwa na kutaka zirekebishwe zikiwa si sahihi. Stakabadhi aliyoitunza ndiyo itakayomsemea.

Walimu wa hisabati wanaweza kuifanya ile hesabu ya watu 100 darasani: wasiolipa wakiwa 10, kila mlipaji aongeze kiasi gani? Na wakiwa 50? Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba gharama haipandi kwa hatua zilizo sawa. Ni somo linalowahusu, kwa kuwa wengi wao wataingia utu uzima wakiwa tayari na simu ya awamu, na baadhi na mkopo wa elimu ya juu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini walisema pia kuwa dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo ni rahisi zaidi deni likiwa bado shilingi 8,000.