Kikulacho ki nguoni: Kwa nini ruhusa za faili hubadilika kwenye seva

NI Jumatatu asubuhi. Wanachama wa chama cha akiba na mikopo wamewasili mjini Samburu, Kaunti ya Kwale, kutoka Taru na Mackinnon Road ili wachukue fedha za karo. Karani anawasha tarakilishi, lakini daftari la akaunti halifunguki. Ujumbe kwenye kioo unamwarifu kwamba hana ruhusa. Ijumaa jioni alikuwa nayo.

Mfano huu ni wa kubuni, ila tatizo lenyewe ni la kweli na huweza kuikumba shule, zahanati au afisi yoyote yenye seva. Wengi hukimbilia kumshuku mdukuzi. Hata hivyo, mara nyingi kikulacho ki nguoni mwako.

Seva nyingi duniani hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Katika mfumo huo, kila faili ina ngazi tatu za watu: mwenye faili, kundi lake, na watu wengine wote. Kila ngazi hupewa haki kwa tarakimu: kusoma ni 4, kuandika ni 2 na kutekeleza ni 1, kisha hujumlishwa.

Hivyo basi, faili yenye ruhusa 640 humwezesha mwenyewe kusoma na kuandika, kundi lake husoma tu, na wengine hawapati lolote. Tarakimu ya kati ikigeuka kuwa 0, karani aliye katika kundi hilo hufungiwa nje.

Ni nini basi huzigeuza tarakimu hizo usiku wa manane?

Chanzo cha kwanza ni kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe kupitia programu iitwayo cron. Fundi aliyeondoka miaka miwili iliyopita huenda aliacha amri ya kurekebisha ruhusa kila usiku. Kila ikirekebishwa asubuhi, usiku huharibika tena.

Cha pili ni kunakili. Faili inaponakiliwa, kwa kawaida nakala huwa mali ya aliyeinakili. Faili zikipitia diski ndogo ya mfukoni iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT, ruhusa zake hupotea kabisa kwa kuwa mfumo huo hauzihifadhi. Zinaporejeshwa kwenye seva, hupewa ruhusa mpya.

Cha tatu huhadaa wengi. Umeme ukikatika ghafla, diski yaweza kupata hitilafu, na seva ikaifunga isiandikwe ili data isiharibike zaidi. Faili husomeka lakini haziandikiki, ingawa tarakimu zake hazijabadilika hata moja. Hapo tatizo si ruhusa bali ni diski.

Utambuzi huanza na saa. Amri ya stat huonyesha lini yaliyomo katika faili yalibadilishwa, na lini hali yake, zikiwemo ruhusa, ilibadilishwa. Ikiwa hali ilibadilika saa nane kamili usiku ilhali yaliyomo hayajaguswa tangu Ijumaa, fundi atazame ni kazi gani ya cron iliyopangiwa saa hiyo. Iwapo haipo, programu ya auditd ikiwekwa mapema hunakili ni nani aliyegusa faili na kwa amri ipi.

Kosa kubwa ni kukimbilia kutoa ruhusa 777, inayomfungulia kila mtumiaji wa seva kila kitu. Karani ataweza kufanya kazi, lakini na mwizi pia. Isitoshe, kubadilisha ruhusa hufuta saa ya badiliko lililotangulia, na ushahidi hupotea.

Kanuni ya kuchunguza bila kugusa Wakenya waliisikia mwaka 2017. Agosti 28, Mahakama ya Juu iliiagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kuruhusu seva zake zikaguliwe kwa kusomwa tu. Uchaguzi wa urais ulipobatilishwa Septemba 1, kutotii agizo hilo kikamilifu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa na majaji wengi katika hukumu yao.

Ikidhihirika kwamba mtu aliingia bila idhini, suala huwa la kisheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia na kuvuruga mifumo bila idhini. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72, iwapo taarifa zimefikiwa isivyo halali na wahusika wamo katika hatari ya kudhurika.

Kinga ni bora kuliko tiba. Afisi iandike ruhusa sahihi za kila faili muhimu, iorodheshe kazi zote zinazojiendesha, na imwondolee funguo kila fundi anayeondoka. Mzazi aliyetoka Taru kwa matatu hapaswi kurudi mikono mitupu kwa sababu ya tarakimu moja.