Kulinganisha Gharama za Hoteli za Kifahari Zanzibar

Bei ndogo katika tangazo si lazima iwe gharama ndogo. Tunamshauri mlaji alinganishe hoteli kwa kipimo kimoja: jumla ya gharama za wageni wote kwa muda wote wa kukaa.

Tuchukue mfano wa wageni wawili. Hoteli ya kwanza inatoza dola 180 kwa kila mtu kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa pekee. Ya pili inatoza dola 400 kwa chumba, milo yote ikiwemo. Katika ile ya kwanza, malazi ni dola 360. Chakula cha mchana na cha jioni kikigharimu dola 25 kwa kila mlo kwa mtu, jumla hufikia dola 460. Iulizwe pia kama kodi, vinywaji na usafiri kutoka uwanja wa ndege vimo katika bei.

Mahali nako huathiri thamani. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, maji yanapokupwa bahari hurudi mbali na kuogelea husubiri yajae. Nungwi na Kendwa, kaskazini, tofauti hiyo ni ndogo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, lakini mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli hufungwa.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, mlaji apewe kwa maandishi masharti ya kughairi: mwisho wa kurejeshewa fedha na kiasi kitakachokatwa. Mgogoro ukizuka, ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.