Amplifaya Yako Yavuma? Usikimbilie Vipuri

JE, msomaji, amplifaya uliyojiundia nyumbani yavuma hata kabla muziki haujaanza? Usitoe pesa bado. Tafuta chanzo kwanza.

Punguza sauti hadi mwisho. Mvumo ukiisha, kosa liko upande wa kuingiza sauti. Tumia waya wenye wavu wa kukinga, uuweke mbali na transfoma. Iwapo mvumo huja tu unapounganisha redio au kompyuta, chomeka vifaa vyote katika soketi moja. Kamwe usikate waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ili upate kimya. Huo ndio hukukinga sanduku la chuma linaposhika umeme.

Mvumo ukibaki, shuku kapasita kubwa za kusafisha umeme. Stima yetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Ikishapita kwenye daiodi huacha mvumo wa mara 100, ambao kapasita iliyochoka haiwezi kuufuta.

Hapa Garissa, ambako joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, kapasita huchoka upesi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Nunua zilizoandikwa nyuzi 105, si 85, na utoboe sanduku matundu ya hewa.

Kabla ya kufungua, chomoa plagi ungoje, kisha upime kwa mita. Kapasita huhifadhi umeme hata swichi ikizimwa. Muziki mzuri hautoshi fidia ya maisha.