Tufunge Rimoti, Lakini Ufunguo Wangu Usiguswe!

Wapo wanaodhani Tanzania nzima ni joto la Dar. Njoo Vwawa mwezi wa Juni au Julai, saa kumi na moja alfajiri! Baridi ya Mbozi haina utani. Vioo vya gari vimejaa ukungu, usukani haushikiki, na nyumbani mnategeana: nani atatoka kuwasha gari?

Mimi nagomboa mizigo mpakani Tunduma, mume wangu ni mwalimu hapa hapa Vwawa. Gari letu ni moja, otomatiki, mtumba wa Japani wa siku nyingi. Lilikuja na funguo mbili: mmoja wake, mmoja wangu. Mwaka jana mwenzangu akaleta wazo tufunge rimoti ya kuwashia injini huku tukimalizia chai. Nikafurahi, nani asiyependa kudekezwa?

Fundi umeme akasema, "Shemeji, ufunguo mmoja itabidi ubaki ndani ya gari." Mume wangu akadakia, "Chukua wa Mama Watoto, yeye haendeshi sana."

Kasheshe ikaanzia hapo.

Ufunguo wa aina hii una chipu ndogo ndani ya plastiki yake. Chipu hiyo hupata nguvu kutoka kwenye waya uliozungushwa kwenye swichi, kisha hutuma namba ya siri. Kompyuta ya gari isipoitambua, injini haiwaki. Ndiyo maana mwizi akichonga ufunguo wa kawaida haambulii kitu. Uingereza ililazimisha kinga hii kwa magari mapya tangu mwaka 1998.

Sasa rimoti haina chipu hiyo, kwa hiyo fundi huificha nyuma ya dashibodi ili gari lidhani ufunguo upo. Kazi ikifanywa vizuri, chipu inaunganishwa kwa relei pale tu rimoti inapowasha. Fundi wa njia ya mkato anaibandika kwa selotepu palepale kwenye swichi. Gari linawaka, unalipa, unaondoka unachekelea, kumbe kinga yote imekufa! Ufunguo wowote wa kuchonga mtaani utaliwasha.

Tulibishana siku mbili. Nilimwambia, "Baba, mtoto akiugua usiku na wewe hupo, nitamkimbiza hospitali na nini?" Halafu sisi tuko jirani na mpaka. Gari likishavushwa Nakonde, kulitafuta ni safari nyingine. Alinyamaza, akafikiri, akasema, "Haya, umeshinda."

Tukasubiri mshahara, tukalipia ufunguo wa tatu, ukasajiliwa kwenye kompyuta ya gari. Huo ndio uliofichwa. Zipo pia moduli zinazojifunza namba ya siri bila kutumia ufunguo, ila lazima ziendane na gari lako.

Kama na ninyi mnapanga kufunga, fanyeni hivi:

Jaribuni kinga kabla ya kulipa. Chongeni ufunguo usio na chipu, mwasheni nao. Gari likikubali, fundi arudie kazi.

Kama gari ni la manyuo, fikirieni mara mbili. Likiachwa kwenye gia, linaweza kuruka mbele likiwashwa, na mtoto huenda anacheza hapo.

Msiwashe ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una karboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua.

Dakika chache zinatosha. Injini inapata moto vizuri zaidi mkiendesha taratibu kuliko ikinguruma uani na kula mafuta.

Na kabla ya yote, kaeni chini mjue kila mmoja atabaki na ufunguo upi. Fundi akisema mmoja unatosha nyumba nzima, usijibu peke yako. Mwite mwenzio.