Kutoka Wodini hadi Ofisi ya Uongozi: Safari ya Mhudumu wa Afya Katika Usimamizi wa Ubora

Mkunga hodari anapopandishwa cheo na kuwa kiongozi wa hospitali, mambo mawili huweza kutokea siku hiyohiyo. Wodi ya wazazi humpoteza mtaalamu wake, na hospitali hupata kiongozi ambaye hakuwahi kufundishwa kuongoza. Hasara hiyo haionekani katika barua ya uteuzi. Huonekana miezi kadhaa baadaye, pale dawa ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua inapokwisha bila mtu kuiagiza mapema. Kwa sababu hiyo, namna wahudumu wa afya wanavyoandaliwa kushika uongozi ni jambo linalomhusu mgonjwa moja kwa moja.

Ubora ni nini?

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alieleza kuwa ubora wa huduma huweza kutazamwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni miundo: majengo, vifaa, dawa na watumishi. Ya pili ni mchakato, yaani yale anayotendewa mgonjwa tangu anapopokelewa hadi anaporuhusiwa. Ya tatu ni matokeo: kupona, kubaki na ulemavu, au kufa. Viongozi wengi huanza na kuishia katika miundo, kwa kuwa jengo jipya huonekana kwa macho na huzinduliwa kwa sherehe. Mchakato hauna sherehe, lakini mara nyingi ndimo maisha yanamookolewa.

Mfano mmoja umo nchini Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya hakiki ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19 katika ukurasa mmoja, orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, Ifakara ukiwa mmojawapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Utafiti huo ulilinganisha hali ya kabla na ya baadaye, hivyo haiwezi kusemwa kwamba nafuu yote ilitokana na orodha pekee. Hata hivyo, fundisho lake limebaki: kumtambua mgonjwa kwa jina, kuthibitisha sehemu itakayopasuliwa na kuhesabu vifaa kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji ni kazi za kiuongozi kama zilivyo za kitabibu.

Ngazi za safari

Safari ya usimamizi wa ubora haianzi ofisini. Huanza katika timu ndogo ya wodi, maabara au stoo ya dawa. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mfumo wa S tano uliotoka Japani, ambao hospitali moja ya Sri Lanka ilikuwa imekwisha kuonyesha manufaa yake. Kwa Kiswahili S hizo zimezoeleka kuwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Mhudumu anayepanga stoo ili dawa inayokaribia kuisha muda wake itoke kwanza, huku akihakikisha mpango huo unadumu hata akiwa likizo, tayari amepanda ngazi ya kwanza.

Ngazi ya pili ni kuratibu uboreshaji wa huduma katika kituo kizima. Hapa mhudumu hujifunza kupima. Ikichukuliwa kwamba wagonjwa wa nje hulalamika kungoja tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, kiongozi asiyeandaliwa atawakaripia wauguzi. Mratibu aliyeandaliwa ataandika saa ambayo kila mgonjwa anafika katika kila dirisha kwa wiki moja. Huenda akagundua kuwa muda mwingi hupotea katika kutafuta mafaili, wala si kwa daktari. Atapanga badiliko dogo, alijaribu, apime tena, kisha aamue kuliendeleza au kuliacha.

Ngazi ya tatu ni uongozi wa kituo: mganga mfawidhi, muuguzi mfawidhi au katibu wa afya. Katibu wa afya ana taaluma yake kamili ya utawala, na kumfanya karani wa barua ni kupoteza ujuzi wake. Kutoka hapo njia huelekea katika timu za uendeshaji wa huduma za afya za halmashauri na mkoa, na hatimaye wizarani. Katika ngazi hizi bajeti, sheria za ununuzi na usimamizi wa rasilimali watu huwa kazi ya kila siku. Shahada ya mifumo ya afya, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu Mzumbe, au shahada ya uzamili ya afya ya jamii, husaidia sana. Hata hivyo, cheti kisichotanguliwa na mazoea ya kupima na kusikiliza huzaa msimamizi wa karatasi.

Jaribu la uaminifu

Katika mwaka wa fedha 2015/16 Tanzania ilipima vituo vya afya ya msingi kwa mfumo wa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Takribani theluthi moja ya vituo havikupata nyota hata moja. Kuutangaza ukweli huo kulihitaji ujasiri, na bila huo hapangekuwa na mahali pa kuanzia.

Jaribu kubwa la msimamizi wa ubora ni siku moja kabla wakaguzi hawajafika. Rejesta zenye mapengo zinaweza kujazwa usiku, na kosa la dozi likafichwa ili mtumishi asiadhibiwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali nayo ni hivyo. Pale anayeripoti kosa anapoadhibiwa kwa kuripoti, makosa hayapungui. Huacha tu kuandikwa. Kiongozi mwema hutofautisha uzembe wa makusudi na kosa linalotokana na utaratibu mbovu, kisha hurekebisha utaratibu.

Nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa naye ni mpimaji. Ana haki ya kuuliza jina la dawa anayopewa, sababu ya kipimo, na mahali pa kupeleka malalamiko. Maoni yanayosema mahali, siku na jambo lililotokea husaidia zaidi kuliko lawama ya jumla. Nao wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, wanaotoka katika jamii, wanapaswa kuuliza katika kila kikao maoni hayo yalifanyiwa nini.

Kwa mhudumu anayetamani kupanda, hatua ya kwanza haihitaji barua ya uteuzi. Achague tatizo moja linalowaumiza wagonjwa wa wodi yake, alipime kwa mwezi mmoja, na awaite wenzake walitazame pamoja.